Mabaki katika Kompyuta Zetu

Wako wenzetu wasemao kwamba kompyuta za chumba chetu zimezeeka, na kwamba dawa yake ni wazazi kuchangishwa fedha za kununua diski kubwa zaidi. Mimi sikubali. Kabla ya kumwomba mzazi auze mbuzi, yafaa kwanza tutazame diski tulizo nazo zimejaa nini.

Kompyuta zetu zaendeshwa na Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 juu ya msingi wa Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Katika mifumo hii programu haiji peke yake. Huja ndani ya kifurushi, na kifurushi hicho huita vingine ambavyo bila vyao hakiwezi kazi, kama bibi harusi anavyokuja na somo, wapambe na masanduku. Msimamizi wa shughuli hiyo huitwa APT. Ukiagiza programu moja yaweza kukuletea vifurushi hata 20. Siku ukiiondoa, wale wapambe hubaki. Watu wa Linux huviita vifurushi hivyo yatima.

Lakini APT haisahau. Kila kifurushi kilicholetwa kwa ajili ya kingine hutiwa alama katika faili iitwayo /var/lib/apt/extended_states. Ukiandika sudo apt autoremove, APT hutafuta vyote vyenye alama ambavyo havihitajiwi tena na kifurushi chochote, hukuonyesha orodha yao na nafasi itakayopatikana, kisha hukuuliza kama iendelee. Mara nyingi utaona humo kerneli za zamani, yaani viini vya mfumo vilivyokwisha kupokewa zamu na vipya. Ile inayotumika huachwa. Kila kerneli hula mamia ya megabaiti. Kwa diski ndogo hilo si jambo la kupuuza, kwa maana diski ikijaa hata masahihisho ya usalama hayapati pa kuingia.

Hapa ndipo ninapogombana na mabwana wepesi wa darasa letu, ambao huandika -y katika amri hiyo ili wasiulizwe neno. APT haijui kitu gani chatumika. Yajua tu kiliitwa na nani. Kidato cha Sita cha mwaka jana kilituachia programu ndogo ya Python, ambayo walimu huitumia kukokotoa wastani wa maksi za ripoti. Programu ile ilinakiliwa kwa mkono, basi APT haina habari nayo kabisa. Nayo yategemea kifurushi python3-numpy, ambacho kiliingia nyuma ya python3-matplotlib, programu ya kuchora grafu. Siku mtu atakapoona matplotlib haina kazi, akaiondoa, akasafisha pasipo kusoma, ripoti za shule nzima zitakwama, na mzazi anayengojea bahasha nyumbani hatapenda kusikia habari za numpy.

Kinga yake ni mstari mmoja: sudo apt-mark manual python3-numpy. Hapo twaiambia APT kwamba hiki tumekitaka wenyewe. Mwenye mashaka aanze na apt-get -s autoremove, ambayo hueleza tu itakalofanya, bila ya kugusa kitu. Na kama kimekwisha kwenda kisichotakiwa kwenda, majina na tarehe zimo katika /var/log/apt/history.log.

Wengine hupenda kufuta yote na kuweka mfumo upya kila mwaka. Kwa intaneti yetu, ambayo wingu likitanda tu hukatika, hiyo ni kazi ya wiki nzima. (Mwalimu wetu wa fizikia ataniwia radhi, yeye ndiye bingwa wa njia hiyo.)

Nashauri hivi. Kila mwisho wa muhula, ripoti zikiisha kuchapwa, wanafunzi wawili wakae mbele ya kila kompyuta. Mmoja asome orodha kwa sauti, mwingine aandike katika daftari kipi chaondoka na kipi chabaki, na kwa sababu gani. Kisichojulikana kazi yake kisiguswe mpaka aulizwe mwalimu. Daftari likae katika droo ya chumba chenyewe, si bwenini kwa mtu. Kompyuta ni 12. Kwa hesabu yangu alasiri moja yatosha, nami niko tayari kuanza na ile ya dirishani, iliyobakiwa na gigabaiti 2 tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV