Kijana apewe kazi inayosubiriwa na watu

Desemba ikifika, barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu hadi Mwika hujaa magari ya familia zinazorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Ndafu zinachomwa, watoto wanapata kipaimara, harusi zinafuatana. Kwa wiki mbili tatu vihamba vinajaa sauti za watoto. Januari ikianza magari yanashuka, na nyumba nyingi zinabaki na babu, bibi na pengine mjukuu mmoja.

Katika wiki hizo wazazi wengi hulalamika jambo moja. Kijana wa kidato cha tatu anaamka saa nne, anashika simu, anauliza chakula kiko wapi. Bibi anakwenda mwenyewe kukata majani ya ng'ombe. Wakubwa wanatikisa vichwa na kusema vijana wa siku hizi ni wavivu.

Maneno hayo hayamsaidii mzazi. Afadhali ajiulize hivi: hapa nyumbani, au hapa kijijini, ni kazi gani itakayokwama huyu kijana asipotokea? Kama hakuna hata moja, basi hajakataa kubeba mzigo. Hajapewa.

Hapo ndipo panapotofautisha programu ya vijana inayokuza mtoto na ile inayomwondoa tu barabarani kwa saa mbili. Ya kwanza inampa kazi ambayo watu wengine wanaisubiri. Ya pili inampa fulana, soda na picha ya pamoja.

Wenyeji wa Kilimanjaro wanalijua jambo hili tangu zamani. Wageni waliofika Uchagani katika karne ya 19 walistaajabia mifongo, ile mifereji inayochukua maji ya mto huko juu na kuyapitisha kwenye kingo za mlima hadi migombani. Mfongo haujitunzi wenyewe. Udongo unaporomoka, majani yanaziba, kingo zinabomoka. Kwa hiyo kila mfongo ulikuwa na msimamizi wake, zamu za maji na siku za kazi ya pamoja. Nyumba isiyotoa mtu wa kufanya kazi ilitozwa faini au ilinyimwa zamu yake.

Mvulana aliyepelekwa na baba yake kuzibua mfongo alijifunza mengi kwa asubuhi moja. Aliona kwamba jirani wa chini hapati maji kama wa juu amezembea. Alipokea maagizo kwa mzee asiye baba yake, wala hakuweza kumnunia kama anavyonuna nyumbani. Na jioni, maji yalipofika kwenye migomba, alijua mkono wake umo. Hakuna aliyemhubiria habari za kujitolea. Maji yalimfundisha.

Leo nyumba nyingi zina bomba, na mifongo mingi imekauka au imeachwa. Mtoto anafungua koki bila kujua nani alichimba wapi. Maji ya bomba ni neema, hasa kwa wanawake na wasichana waliokuwa wakibeba ndoo. Lakini pamoja na mfongo, kijiji kimepoteza darasa, na si vijiji vyote vilivyofungua lingine mahali pake.

Pengo hilo linaonekana hata kwenye kipaimara. Katika sharika za Mwika mtoto huhudhuria mafundisho kwa muda mrefu, anajifunza pamoja na wenzake wa rika moja, kisha anasimama mbele ya usharika akiwa amevaa vizuri. Familia inafanya sherehe kubwa. Anapewa zawadi, fedha na pongezi. Jumatatu inayofuata hakuna anayemwambia: sasa wewe ni mkubwa, hii hapa kazi yako. Rika limekwisha kukusanyika, limezoeana, linajua kufika kwa wakati, halafu linaachwa litawanyike.

Mzazi anaweza kuona kwamba masomo yanatosha. Mtoto asome, afaulu, apate kazi, atasaidia baadaye. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu shule imewatoa watu wengi wa mlima huu kwenye umaskini. Hata hivyo, shule zenyewe hazikudondoka kutoka mawinguni. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ndiyo iliyolipa ada na kujenga madarasa. Nyuma ya vyeti vingi vya wazee wetu kuna magunia ya bibi zao.

Mwalimu Nyerere aliwahi kufananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula zaidi. Akila na asirudi, ni msaliti. Mfano huo ni mkali, lakini mzazi yeyote aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya ada anauelewa.

Ugumu uko kwenye namna ya kudai deni hilo. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Serikali ilipoamua kwamba wasomi nao walitumikie kwa mujibu wa sheria, huku wakipokea sehemu tu ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana Oktoba 1966. Nyerere aliwarudisha makwao wapatao 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Utaratibu wa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Kwa mzazi, kisa hicho kina somo la malezi. Kijana anayedaiwa huduma kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 20 na zaidi, tena kwa amri, anaweza kuiona kama adhabu. Aliyeanza akiwa na miaka kumi, kwa kazi ndogo inayomlingana, hushangaa mtu akimwita mzalendo. Kwake ni mambo ya kawaida. Somo la pili liko kwa Nyerere mwenyewe: aliyetaka wengine wajinyime alianza kujinyima. Baba anayemtuma mtoto kwenye kazi ya kijiji huku yeye akikaa kwenye mbege tangu saa tano asubuhi anapoteza maneno yake.

Kazi hiyo si lazima ianze na mradi mkubwa wala mfadhili. Mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikutana jijini Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari waliokuwa wakisumbuliwa na mambo waliyoyaona katika maeneo yao. Kutokana na kikao hicho ikaanza programu ya Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani. Utaratibu wake ni rahisi. Vijana wanaangalia mazingira yao, wanachagua wenyewe tatizo linalohusu watu, wanyama au mazingira, wanalifanyia kazi. Mtu mzima anawasindikiza, hawachagulii.

Neno kuchagua ni la msingi. Kijana akiambiwa pandeni miti hii hapa, atapanda, atapigwa picha, ataondoka. Miche itakufa kiangazi. Akiwa ndiye aliyesema ukingo wa mto unaporomoka na kwamba pale panafaa miti, atarudi kumwagilia, kwa sababu aibu ya mti kufa ni yake.

Mwika ina kazi za namna hiyo tele. Kuna wazee wanaotapeliwa kwa ujumbe wa simu kwa sababu hawana wa kuwasomea. Kuna bibi ambaye daftari lake la VICOBA halieleweki. Kuna kahawa ya zamani inayohitaji kukatwa na kuchipushwa upya, na mzee anayejua kazi hiyo hana nguvu tena. Kuna watoto wa shule ya msingi wanaoshindwa kusoma vizuri, wakati jirani yao wa kidato cha nne anasubiri matokeo bila shughuli. Tena kuna mifongo inayoweza kuzibuliwa kabla ya kiangazi, pale ambapo maji bado yapo.

Kabla ya kumruhusu mtoto kujiunga na kikundi chochote, kiwe cha usharika, skauti, klabu ya shule au cha mtaani, mzazi aulize maswali manne.

La kwanza: nani anaisubiri kazi yao? Kama hakuna jina la mtu au la nyumba, hiyo ni mikutano tu.

La pili: vijana wanaamua nini wenyewe? Kama kila kitu kimeshapangwa na wakubwa, watajifunza kutii, hawatajifunza kuongoza.

La tatu: nani anawasimamia, na wanakutana wapi? Msimamizi afahamike kwa wazazi, kazi ifanyike mahali pa wazi na mchana, na pasiwe na siri kati ya mtu mzima na mtoto. Kijana anayemsaidia mzee kwa simu asijue wala asiulize namba ya siri. Hilo linamlinda mzee, na linamlinda kijana asisingiziwe.

La nne: kazi inaisha lini? Kujitolea kusiwe jina zuri la kibarua cha bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ile isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Anayemfanya mtoto apalilie shamba lake la biashara kila Jumamosi na kuita huduma kwa jamii anamnyonya.

Hapo pia waangaliwe wasichana. Zamani mfongo ulikuwa kazi ya wanaume, na hata leo kikundi kikianzishwa wavulana hushika uenyekiti, wasichana hupika na kuosha vyombo. Binti aliyekwisha kuteka maji, kukata majani na kumwogesha mdogo wake tangu alfajiri hahitaji kufundishwa kujitolea. Anahitaji kaka yake ashike ndoo, ili naye apate saa mbili za kukaa kwenye kikao na kusema neno.

Faida ya vikundi hivi huonekana vijana wanapokua. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Vijana wanaokutana kwa mara ya kwanza siku ya kujaza fomu ya mkopo mara nyingi hugombana fedha ikiingia. Waliozibua mfongo pamoja wakiwa na miaka 14 wanajuana: nani anafika kwa wakati, nani anatunza daftari, nani ana maneno mengi na mikono michache. Hiyo ni dhamana ambayo benki haiwezi kuiuza.

Kwa familia zinazorudi Desemba, pa kuanzia ni padogo. Wiki ya kwanza, kabla ya sherehe kushika kasi, babu na bibi waulizwe mbele ya wajukuu ni nini kimewashinda mwaka huu. Wajukuu wachague kimoja, na watoto wa jirani wanaoishi hapo hapo waalikwe wafanye pamoja, kwa sababu wao ndio watakaobaki kukitunza Januari. Wanaoondoka wakabidhiwe sehemu inayowezekana kwa mbali: kupiga simu kila Jumapili kuuliza miche imeshika, kumsaidia mdogo wa jirani hesabu kwa simu, kuweka kando fedha kidogo ya daftari.

Mzazi asiwafanyie kazi hiyo wakichelewa, wala asiwakumbushe kila saa. Wakisahau, amwache bibi apige simu na kusema alisubiri hakuona mtu. Kijana akisikia sauti hiyo mara moja, mara ya pili ataamka mapema bila kuitwa.