Ukimtisha mtoto umempoteza mama yake

Wafanyabiashara wenzangu, likizo ya Juni inakaribia. Mwaka jana hapa Zuzu nilitandika mkeka barazani dukani, watoto wakawa wanakuja jioni kusoma vitabu vya katuni, zile hadithi za picha za majini na mazimwi. Kusoma bure. Wakisoma wanatafuna, ndo biashara yenyewe. Ubuyu na karanga zilikuwa zinaisha kila siku.

Wiki ya pili mama mmoja akanifuata. Mwanawe halali, hata choo cha nje haendi peke yake. Huyo mama alikuwa ananunua kwangu mchele, mafuta, sabuni. Akahamia duka la jirani mwezi mzima. Piga hesabu mwenyewe, ubuyu wa mia mbili unafidia hapo?

Wengine wanasema acha kabisa mambo ya kutisha. Mimi sikubali. Sisi wenyewe tumekua na hadithi za zimwi za bibi. Kosa langu lilikuwa kuwaachia watoto waondoke na hofu, na giza limeshaingia.

Desemba nikabadilisha. Mzazi namwambia kabla. Chini ya darasa la tatu hawasomi za majini. Saa kumi na mbili kasoro tunafunga. Na cha mwisho lazima kichekeshe: Kingo wa James Gayo, au Sani za zamani, Madenge na Lodi Lofa. Mtoto arudi kwao anacheka.

Yule mama nilimfuata kwake nikamwomba radhi. Karudi. Mwanawe ndo alikuwa wa kwanza kufika mkekani.