Rekodi kipindi nyumbani, usikipeleke gulioni

VIPINDI vya kilimo na ufugaji kwenye televisheni vina kasoro moja kubwa: vingi vinarushwa saa ambazo mlengwa hayupo mbele ya runinga. Cha asubuhi kinamkuta mfugaji bandani anakamua. Cha jioni kinamkuta mwenye duka la pembejeo bado anahesabu mauzo. Ndiyo maana tangu ving'amuzi vianze kuenea, baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, familia nyingi zimeona faida ya kile kitundu cha kuchomeka flashi. Mtoto anabonyeza, kipindi kinahifadhiwa, wazazi wanakitazama usiku.

Wapo wanaokwenda mbele zaidi. Wanaingiza kipindi kwenye kompyuta, wanakata matangazo ya biashara na kuunganisha vipande vya somo moja, kwa mfano chanjo ya mdondo wa kuku, ili wapate dakika kumi za kurudia kila msimu. Swali ni je, huko si kuiba kazi ya watu?

Jibu langu ni kwamba si wizi, ilimradi flashi hiyo inabaki nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inampa mtu nafasi ya kunakili kazi iliyokwisha kutolewa hadharani kihalali, hata kuitafsiri au kuipanga upya, kwa matumizi yake binafsi tu. Haombi ruhusa wala halipi. (Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003.) Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, unaohusu haki za vituo vya utangazaji, nao unaziachia nchi nafasi ya kusamehe matumizi binafsi na matumizi ya kufundishia.

Jambo hili lilipiganiwa sana Marekani. Mwaka 1976 kampuni za filamu za Universal na Disney ziliishitaki Sony kwa sababu ya mashine yake ya kurekodi, Betamax. Hoja yao ilikuwa kwamba anayeuza mashine hiyo anamsaidia mwizi. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na Januari 17, 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji waliamua kwamba kurekodi kipindi ili kukitazama baadaye ni matumizi halali.

Mmoja wa mashahidi ambao mahakama iliwazingatia alikuwa Fred Rogers, mtayarishaji wa kipindi cha watoto kilichopendwa sana nchini humo. Yeye alisema hana kinyongo na wanaorekodi kipindi chake. Aliona ni msaada kwa familia kukitazama kwa saa inayowafaa. Mwenye mali ndiye aliyesema hivyo, na maneno yake yalikuwa na uzito. Nitamrudia huyu bwana.

Sasa twende gulioni. Vijana wenye kompyuta ndogo na spika wanajaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi kwa bei ya soda. Vipindi vya ufugaji vikiingia kwenye biashara hiyo, tumeshatoka kwenye matumizi binafsi. Kunakili kwa ajili ya kuuza kunahitaji ruhusa ya kituo na ya mtayarishaji, na kijana hawezi kujitetea kwamba aliyarekodi mwenyewe. Anayeonyesha matangazo ya kituo kwenye banda na kutoza kiingilio naye ajue kwamba kiingilio hicho kimetajwa waziwazi katika ule Mkataba wa Roma.

Kwamba umeongeza kazi yako ya kuhariri hakukuokoi. Kampuni ya CleanFlicks huko Utah ilikuwa ikinunua filamu halali, inakata matusi na matukio ya ngono, kisha inauza nakala iliyosafishwa kwa familia za washika dini. Ilinunua nakala halisi kwa kila nakala iliyohaririwa. Hata hivyo, Julai 2006 mahakama ya Denver iliamua kwamba ilikuwa inavunja hakimiliki. Mwaka mmoja kabla ya hapo, sheria mpya ya Marekani ilikuwa imeiruhusu familia kuruka vipande isivyovitaka ikiwa nyumbani kwake, mradi isitengeneze nakala mpya. Sebuleni ruksa, dukani hapana.

Mimi ni mchumi, na kinachonisumbua zaidi ya haki ya kituo ni hasara ya mkulima mwenyewe. Mtaalamu akieleza dawa ya kutibu ugonjwa wa kiwele, mwishoni hutaja siku ambazo maziwa ya ng'ombe huyo hayapaswi kuuzwa. Kipande hicho hakina mvuto, ndicho cha kwanza kukatwa na anayetaka kubana dakika. Hali kadhalika kipimo cha dawa ya kuogeshea mifugo, na tahadhari ya kuvaa glavu. Nakala ikifika kijiji cha tatu imebaki jina la dawa na sura ya mtaalamu, na mnunuzi anaamini amepata somo zima. Sheria humpa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa. Katika nyimbo hilo ni suala la heshima, lakini hapa kuna maziwa yenye dawa yanayokwenda kunywewa na watoto.

Lipo pia suala la nani anagharimia vipindi hivi. Mara nyingi ni wauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo, kupitia hayo hayo matangazo tunayoyakata. Familia moja ikiyakata haimtishi mtu. Nakala mia mbili zisizo na matangazo zikizagaa wilayani, mdhamini ana sababu ya kuuliza fedha yake inafanya nini. Lakini nakala mia mbili zenye matangazo kamili zinampelekea wateja ambao hakuwalipia hata senti.

Hapo ndipo ninapomrudia Rogers. Vituo na watayarishaji wa vipindi vya kilimo waandike mwishoni mwa kila kipindi kwamba kinaweza kunakiliwa na kugawiwa bure, kikiwa kizima, bila kukatwa chochote. Ni mistari miwili tu kwenye kioo. Bwana shamba angekionyesha kwenye mkutano wa kijiji bila wasiwasi, chama cha ushirika kingekiweka ofisini kwa wanachama wake, na mdhamini angeona jina lake limefika mahali ambapo mawimbi ya kituo hayafiki.

Mpaka maandishi hayo yatakapoonekana, mwenye duka la pembejeo anayetaka kuwagawia wateja wake kipindi kwenye flashi aandike barua kituoni kuomba ruhusa, na asubiri jibu la maandishi kabla ya kunakili hata moja.