Magari ya Nchi Jirani Yabebwe, Yasikimbizwe

Barabara ya lami ni neema. Wananchi wa nyanda za juu za Ufipa wanalijua hilo vema, maana waliingoja kwa miaka mingi. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, safari ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 230, ilikuwa safari ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Leo lami imefika Sumbawanga, na kutoka hapo imeteremka kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Lakini kila neema ina dhamana yake, na ni juu ya dhamana hiyo tunapenda kusema leo.

Mara kwa mara viongozi wamewahimiza wafanyabiashara waitumie bandari ya Kasanga kwa shehena ya Kongo, na mpaka wa Kasesya kwa shehena ya Zambia, ili Tunduma ipate kupumua. Wito huo ni sahihi, nasi tunauunga mkono. Miongoni mwa shehena hiyo ni magari: malori, mabasi na magari madogo yanayoteremshwa Dar es Salaam na ambayo wenyewe wako Lusaka, Lubumbashi au Kalemie. Swali letu ni moja tu. Magari hayo yatafikaje Kasanga na Kasesya? Je, yatabebwa, au yatakuja yakikimbizwa kama yanavyokimbizwa hivi sasa kwenye njia ya Tunduma?

Ni vema tutazame kwanza jinsi wanavyofanya wale wanaoyaunda. Gari linapotoka kiwandani Japani, haliendeshwi barabarani hadi bandarini. Huondolewa mwishoni mwa mstari wa uundaji, likakaguliwa, kisha likapakiwa juu ya lori la ghorofa mbili na kupelekwa kwenye uwanja wa bandari. Hapo hupangwa kwa mistari kufuata nchi linakokwenda. Meli za ro-ro zinapofika, madereva wa bandari huyaingiza moja baada ya jingine na kuyabananisha: kati ya ubavu na ubavu hubaki nafasi ya kiganja tu. Kila gari hufungwa kwa mikanda sakafuni ili mawimbi yasilitikise. Katika safari hiyo yote, kutoka kiwandani hadi bandari ya ng'ambo, gari limetembea kwa magurudumu yake mwendo mfupi mno.

Wala asidhani mtu kwamba huo ni utaratibu wa matajiri peke yao. Morocco ni nchi ya Afrika kama sisi. Kiwanda cha Renault kilichofunguliwa karibu na Tangier mwaka 2012 kiliunganishwa kwa reli na bandari ya Tanger Med, na magari yake hupelekwa melini kwa treni. Wenzetu hao walielewa jambo moja jepesi: gari linalokwenda kwa mnunuzi ni shehena. Halijawa bado chombo cha usafiri.

Sasa tutazame kwetu. Mwezi Aprili 2022 meli ya Meliora Highway iliteremsha Dar es Salaam magari 4,041 kwa mkupuo mmoja, na sehemu kubwa ya magari hayo ilikuwa ya nchi jirani. Taifa lilifurahi, na lilikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa gati jipya la magari lililojengwa katika upanuzi wa bandari lilikuwa limeonyesha faida yake. Lakini heshima lililotunzwa nayo gari tangu Japani huishia getini. Kuanzia hapo mengi hufungwa kibao chenye herufi IT, hukabidhiwa dereva, na dereva huyo huambiwa: mpaka Tunduma, kilomita zaidi ya 900.

Kila mkazi wa kando ya barabara hiyo anayajua magari ya IT. Huyaona yakipita Mikumi katikati ya wanyama, yakiupanda mlima Kitonga, yakiteremka Mlima Nyoka kuingia Mbeya. Dereva hulipwa kwa safari, wala halipwi kwa siku. Kwa hiyo kadiri anavyowahi kufika ndivyo anavyowahi kurudi kuchukua jingine. Fedha anayopewa ya njiani ni ndogo, naye hutafuta nyongeza kwa kupakia abiria vituoni, hasa usiku. Abiria huyo hana tiketi, jina lake haliko katika orodha yoyote, na gari likipinduka yeye ndiye wa mwisho kutambuliwa na wa mwisho kulipwa, kama atalipwa. Serikali imekataza jambo hili si mara moja. Hata hivyo katazo pekee halijaweza kulizima, kwa sababu chanzo chake ni malipo na utaratibu. Tabia ya dereva ni matokeo tu.

Hatusemi kwamba madereva hao ni watu wabaya. Ni vijana wa nchi hii wanaotafuta riziki ya halali. Tunasema kwamba utaratibu wenyewe unamlipa mwenye haraka na kumwadhibu mwenye subira. Mahali penye utaratibu wa namna hiyo, hata mtu mwema atakwenda mbio.

Huenda ndugu zetu wa Unguja na Pemba wakauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanawahusu kwa njia mbili. Kwanza, mkataba wa Changamoto za Milenia uliotiwa saini na Marekani mwaka 2008 ndio uliogharimia sehemu ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, barabara za vijijini za Pemba, na waya wa umeme wa chini ya bahari uliokamilika Unguja mwaka 2013. Mfuko mmoja, nchi moja. Kinachoharibika Ufipa ni mali ya mtu wa Wete pia. Pili, Mwenyezi Mungu amewazungushia wakazi wa visiwani bahari, na bahari imewafundisha somo hili bila darasa. Hakuna gari lililowahi kufika Unguja kwa magurudumu yake. Kila moja lilibebwa, likafungwa, likaandikwa katika hati ya shehena. Somo hilo ndilo tunalotaka lifike bara.

Na bara nako somo hilo si geni, tukikumbuka historia ya Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilipokamilika ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Waliofanya hivyo walikuwa wakoloni, na nia yao ilikuwa vita na unyonyaji. Lakini ikiwa mkoloni aliweza kubeba meli nzima akaifikisha ziwani kwa ajili ya dhuluma yake, sisi tulio huru tunashindwaje kubeba gari dogo kwa ajili ya usalama wa watu wetu?

Wapo watakaosema kwamba kubeba ni gharama. Na tuhesabu. Tuchukue magari 2,000 ya nchi jirani katika meli moja. Yakiendeshwa yanataka madereva 2,000, mafuta ya safari 2,000, na hatari 2,000 barabarani. Yakibebwa manane manane juu ya malori maalumu, ni safari 250. Yakipakiwa katika treni ya mabehewa 20, kila behewa magari manane, ni treni 13. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 inapita Mbeya na Tunduma kwenda hadi Kapiri Mposhi. Mwezi Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC wa kuifufua reli hiyo, kwa uwekezaji uliotajwa kuwa dola bilioni 1.4. Sasa ndio wakati wa kuuliza: katika mipango hiyo, mabehewa ya kubebea magari yamo? Tusingoje reli ikamilike ndipo tukumbuke.

Wapo pia watakaosema kwamba madereva watakosa kazi. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa, kwani chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kujenga usalama juu ya njaa ya mfanyakazi. Lakini magari yaliyobebwa nayo yanataka mikono: ya kuyapakia Dar es Salaam, kuyateremsha Mbeya au Tunduma, kuyafikisha Kasanga, kuyaingiza melini na kuyafunga. Kazi hizo zina saa zake, na jioni kijana hulala kwake. Wale watakaobaki barabarani kwa kipindi cha mpito waajiriwe kwa mkataba, walipwe kwa siku, wapangiwe vituo vya kupumzika, nao wasafiri kwa misafara inayojulikana na polisi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla Kasanga na Kasesya hazijafunguliwa kwa wingi wa magari haya, itungwe kanuni kwamba gari la safari ya nchi jirani litaingia Rukwa likiwa juu ya lori au behewa. Ni rahisi kuweka desturi njema mahali ambapo mbaya haijaota mizizi kuliko kuing'oa mbaya iliyokwisha kuzoeleka. Pili, bandari ya Kasanga itengewe uwanja wa magari wenye uzio na taa, pamoja na vyombo vinavyofaa kuyavusha hadi Moba na Kalemie, maana gati bila chombo ni ukuta tu. Tatu, malipo ya dereva kwa safari yakomeshwe, na mwenye mali abebe dhamana ya kila abiria atakayekutwa ndani ya gari lake.

Mkulima wa Laela anayevusha maharage yake barabarani kwa baiskeli, na mtoto wa Matai anayekwenda shule asubuhi ya ukungu, hawana hisa katika gari la Lubumbashi. Wana haki ya kuvuka salama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona Kitonga na Mlima Nyoka, na gharama yake tunaijua. Ufipa bado ukuta umesimama. Wenye dhamana wauzibe ufa sasa.