Maoni Yetu: Mkono wa mzee ukivimba, pima sukari

Bibi kachomwa na mwiba wa samaki kidoleni. Jioni kidole kimevimba, kesho yake pete haivuki kifundo, keshokutwa kiganja kizima kinang'aa. Nyumbani wanamkanda kwa maji moto ya chumvi. Mjukuu anatumwa duka la dawa, anarudi na vidonge nusu dozi kwa kuwa hela haikutosha. Hakuna aliyempima sukari.

Kama bibi huyo ana kisukari, anaweza kuupoteza mkono, hata maisha. Maambukizi haya ya mkono kwa wenye kisukari wa nchi za joto yaliripotiwa kwanza Nigeria mwaka 1984. Mwaka 2002 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kikachapisha taarifa ya wagonjwa wa Dar es Salaam wa kati ya 1998 na 2002. Ni nadra, na hapo ndipo penye hatari: mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo, kisha siku yakija akadhani ni jipu tu. Bakteria huingia kwa mkwaruzo au kuumwa na mdudu. Sukari ikiwa juu, kinga hulegea na usaha hupanda kiganjani hadi mkononi. Mishipa ya fahamu ikiwa imeshaharibika, mgonjwa huenda asilalamike sana, na familia ikatulia.

Kliniki zetu za kisukari zinahimiza miguu: viatu, kucha, kukagua nyayo. Sawa kabisa. Mkono je? Na mzee ambaye hajui kwamba ana kisukari, kliniki hiyo ataijulia wapi? Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 tumesikia mengi kuhusu matibabu ya wenye miaka 60 na zaidi, na dirisha la kuwahudumia wazee hospitalini tunaliona. Dirisha lisilo na vijiti vya kupimia sukari ni pambo.

Wizara ya Afya ihakikishe kila zahanati ina kipimo hicho, na mzee mwenye mkono uliovimba na sukari ya juu apewe rufaa siku hiyohiyo, kwenye hospitali yenye insulini, antibayotiki za sindano na daktari wa upasuaji. Nanyi nyumbani: vueni pete mapema, msikande, msitumbue. Mpelekeni leo.