Nyimbo za Mwenda zirudishwe Lualaba

Kila siku malori ya shaba na kobalti yanatoka Fungurume kuelekea bandari za mbali. Nyimbo nazo ziliondoka hivyo hivyo. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, katika eneo hili hili la Lubudi. Ilikuwa Jadotville, Likasi ya leo: gita moja na sauti moja, basi. "Masanga" ikafika hadi Nairobi, wapiga gita wakamuiga. Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Hazina ya Tracey iko Afrika Kusini.

Sheria ya madini ya 2018 inaupa mkoa robo ya mrabaha. Sehemu ndogo tu ya pesa hiyo ilete nakala, redio za Fungurume zizipige asubuhi, kwa Kiswahili chetu.