Eksposha hailipi nyumba: walipeni madev mnaowapandisha jukwaani

Wacha niseme hadharani kitu ambacho husemwa tu kwa makundi ya WhatsApp baada ya event kuisha. Kongamano la teki linalolipa kila mtu isipokuwa developa aliyepanda jukwaani ni biashara iliyovaa tisheti ya jamii. Na sisi tumekuwa tukipiga makofi.

Hesabu na mimi. Chukua kongamano la kawaida la madeveloper hapa Nairobi. Siku mbili, hoteli ya Westlands, mabango ya wadhamini mpaka kwa mlango wa choo. (Nikisema wadhamini simaanishi yule sponsa unayefikiria, tulia.) Hoteli imelipwa. Mpishi amelipwa. Fundi wa sauti amelipwa, DJ amelipwa, emsii amelipwa, mpiga picha amelipwa. Aliyechapisha zile stika mnabandika kwa laptopu amelipwa, tena deposit alichukua mapema. Halafu kuna yule dev amepanda basi la usiku kutoka Eldoret kuja kufundisha watu mia tatu. Yeye amepewa nini? Tisheti ya XL na yeye ni mtu wa medium. Na maji ya nusu lita.

Ukiuliza unaambiwa, "Hii ni jamii, bro. Tunajitolea." Sawa. Na hoteli ilijitolea?

Watu hufikiri kuongea dakika 30 ni kazi ya dakika 30. Zii. Kwanza unaandika pendekezo, unangoja, labda linakataliwa. Likikubaliwa unaanza kujenga mfano utakaoonyesha watu, kwa sababu umati wa madev haudanganyiki na slaidi tupu. Unaujaribu mara kumi. Unatengeneza mpango wa pili ukijua waifai ya ukumbi itakufa watu wote wakiingia kwa mara moja. Unafanya mazoezi mbele ya roommate hadi anakuchukia. Hizo ni wikendi mbili au tatu, na kwa mtu anayekula kwa kazi za kibarua mtandaoni, hiyo ni website ya mteja haikujengwa.

Nilijifunza hii lugha ya eksposha mapema. Niliacha kampasi, nikaingia content, na kuna waandaaji waliwahi kuniita nipige video siku mbili mfululizo kwa event yao. Nikauliza malipo. Jibu: "Tutakutag." Buda, landlord wangu hajawahi kukubali tag. Nilikataa, na event yao ikaendelea vizuri na mtu mwingine aliyetagiwa.

Na kama unadhani hii si kazi halisi, uliza KRA. Tangu Julai 2023 wanakata 5% kwa malipo ya content ya mitandaoni, na mswada wa mwanzo ulikuwa unataka 15%. Serikali ambayo hatukubaliani nayo kwa mengi inakubali kwamba maarifa yako yakiingia mtandaoni na pesa ikalipwa, hiyo ni kazi. Ni waandaaji wa makongamano tu bado hawajapata hiyo habari.

Sasa, hili si suala la huruma peke yake. Kutolipa kunaharibu kile unachofundishwa wewe uliyekaa kwa kiti.

Fikiria. Kama jukwaa halilipi nauli wala malazi, ni nani ataweza kulipanda? Ni mtu ambaye tayari analipwa na mwingine. Kampuni imemtuma, imemlipia hoteli, na mshahara unaingia akiwa pale mbele. Simchukii, anafanya kazi yake. Lakini kazi yake ni kuuza bidhaa ya kampuni. Ndiyo maana unakaa asubuhi nzima ukisikiza "safari yetu ya ubunifu" na slaidi ya mwisho ni QR ya kujisajili. Yule dada aliyejenga mfumo wa chama cha akina mama kule Kakamega, ambaye angekufundisha kitu cha kesho asubuhi, hakuja. Fare ilimshinda.

Nipe mfano wa kitu cha kesho asubuhi. Kila dev wa Kenya amewahi kuandika namba 174379. Ndiyo shortcode ya majaribio ya Daraja, ule mlango Safaricom ilifungulia madeveloper waunganishe tovuti zao na M-Pesa. Unatuma ombi, STK inatokea kwa simu, unaweka PIN, unafurahi. Halafu kimya. Tovuti yako haijui kama pesa imelipwa. Unakesha usiku mbili ukidhani umekosea password.

Shida ni ndogo tu. Daraja hupeleka jibu la malipo kwa anwani ya callback uliyoiandika, na wewe uliandika localhost, yaani kompyuta yako mwenyewe hapo kitandani. Seva za Safaricom haziwezi kuiona. Unahitaji anwani iliyo wazi kwa intaneti, au chombo kama ngrok cha kuifungulia laptopu yako njia ukiwa unajaribu. Na ukishaipata, kuna somo la pili: usimtolee mteja mzigo eti kwa sababu STK ilionekana kwa simu. Ngoja callback ije iseme pesa imeingia.

Hiyo yote ni dakika kumi ukikaa na mtu anayejua. Hizo dakika kumi ndizo sababu jamii ya madev ipo. Hakuna paneli ya "mustakabali wa AI Afrika" imewahi kumtatulia mtu callback.

Najua mnachotaka kuniambia kwa comments, wacha nianze nacho.

Mtasema teki ya Kenya ilijengwa kwa kujitolea. Kweli kabisa. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliuliza kwa blogu yake kama kuna watu wa teki wanaoweza kuweka matukio ya vurugu kwa ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitika, na Ushahidi ikawa hewani ndani ya siku chache. Hakuna aliyetuma invoice. Lakini hao watu walijitolea kwa sababu Wakenya walikuwa wanauawa. Hawakujitolea ndiyo benki ipate ukumbi wa kuzindua programu yake mpya. Usichukue heshima ya 2008 ukaibandika kwa bajeti ya masoko ya mtu.

Hata iHub ilipofunguliwa Ngong Road mwaka 2010, kilichoifanya ipendwe kilikuwa kitu cha kawaida sana: mahali pa kukaa, intaneti ya maana, na mtu wa kuuliza kwenye meza ya pili. Dev alikuwa anapata kitu. Leo anaombwa alete kila kitu na ashukuru.

Mtasema pia kwamba hata nje wazungumzaji hawalipwi. Hapa kuna ukweli nusu. PyCon US, kongamano kubwa la watu wa Python kule Marekani, kwa miaka mingi lilikuwa na kanuni kwamba kila mtu ananunua tiketi: wasikilizaji, wazungumzaji, hadi waandaaji wenyewe. Lakini angalia kanuni yenyewe. Ilikuwa moja kwa wote. Na kando yake kuna mfuko wa kusaidia nauli na malazi kwa asiyejiweza, ili jukwaa lisiwe la wenye kampuni nyuma yao pekee. Tena mazungumzo yakiisha, watu hubaki siku kadhaa wamekaa meza moja wakirekebisha programu huria pamoja, mgeni kando ya mkongwe. Hiyo nakubali ni jamii. Sisi tulikopi bango na lanyard, tukaacha mfuko na meza.

Na mtasema hakuna bajeti. Nikiona drone inapaa juu ya ukumbi kupiga video ya sekunde 40, nitaendelea kuamini bajeti iko. Swali ni iko kwa nani.

Nisieleweke vibaya. Kuna ile mikutano midogo ya Jumamosi, watu 20, ukumbi wa kuombwa, chai kwa flaski, na mwandaaji ametoa pesa mfukoni kununua mandazi. Hapo hakuna anayelipwa kwa sababu hakuna anayevuna. Hata Django Girls, warsha za bure za kufundisha wanawake kujenga tovuti yao ya kwanza, zilizoanzia Berlin mwaka 2014 na zikasambaa hadi huku kwetu, zinabebwa na watu wanaojitolea. Wote wako mashua moja, mkufunzi na mwandaaji. Mkiniita huko nakuja kupiga video bure na nitaosha vikombe. Sheria yangu ni rahisi: kama hakuna anayelipwa, sote tujitolee. Kama kuna wa kulipwa, anayefundisha asiwe wa mwisho kwa laini.

Kwa hivyo tufanye nini?

Waandaaji: siku mnafungua maombi ya wazungumzaji, andikeni hapo hapo mtagharamia nini. Nauli, malazi, malipo. Kama ni sifuri, andikeni sifuri, mtu achague akijua. Anzeni na nauli na malazi kwa wanaotoka nje ya Nairobi, kabla ya DJ. Na mdhamini akinunua muda wa jukwaa, uwekwe kwa ratiba kama tangazo. Sisi ni watu wazima, tutaamua kama huo ndio muda wa kutafuta chai.

Madev: acheni kuona haya kuuliza. Mkishaalikwa, tumeni hii, ikopi kama ilivyo: "Asanteni kwa mwaliko. Ningependa kushiriki. Naomba kujua mmetenga kiasi gani kwa nauli, malazi na malipo ya mzungumzaji, na kama kuna wengine kwenye tukio hili wanaolipwa." Sentensi tatu, heshima imejaa. Atakayekasirika amekujibu tayari. Na nyinyi mlio na majina, mnaoalikwa kila mahali, ulizeni kwanza. Nyinyi mkiuliza mnaitwa wataalamu. Mtu wa mwaka wa pili akiuliza anaitwa mjeuri na haitwi tena.

Na wewe mnunuzi wa tiketi, unayetoa pesa ya bando yako kuingia: kabla hujalipa, andika swali moja chini ya poster yao. "Wazungumzaji wanalipwa?" Ni hilo tu. Hakuna matusi, hakuna vita. Kumi wakiuliza, watafuta comments. Mia wakiuliza, wataitisha mkutano.

Tumesoma bure kutoka kwa hawa watu miaka mingi, mimi nikiwa wa kwanza. Darasa nililoacha lilikuwa na mhadhiri mwenye mshahara. Darasa lililonifundisha jinsi tovuti inavyofanya kazi lilikuwa na dev mwenye njaa na laptopu iliyopasuka kioo. Huyo wa pili ndiye amekuwa akibeba hii nchi ya "Silicon Savannah" mgongoni, na sasa anatoroka mmoja mmoja, anaacha kufundisha, anajifungia kwa nyumba kutafuta wateja wa ng'ambo. Simlaumu hata kidogo.

Kama una mwandaaji kwa simu yako, mtumie hii leo. Akikujibu "tuongee inbox", mwambie hapana. Ajibu pale pale alipoweka poster.